Kinanda cha Kwenda Sendofu

Haya mjukuu wangu, tegua: ana meno meupe na meusi, lakini hatafuni. Usihangaike, ni kinanda. Juzi kwenye treni ya Pugu baba mmoja alikuwa amekipakata, huku akimwonyesha mama wa pembeni, kwenye simu, anavyopiga jazi aliyojifunza kwa Wamarekani.

“Kaka, hapo unapiga au unakifuta vumbi?” akauliza mama. “Nakipeleka sendofu, kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi,” akajibu baba. “Nani kakuomba? Watu wanapeleka zawadi mbele huku wanacheza. Kwa mdundo huo watafika mbele mwakani.”

Baba akaongeza sauti ya simu, kana kwamba ubovu ulikuwa wa masikio yetu.

Treni iliposimama akainuka nacho. “Hakuna aliyeniomba, dada. Bibi harusi ni binti yangu. Kanisihi kinanda nikiache nyumbani.”