Rael Nzembi Hakupona

Mchungaji, wazee, wakwe zetu, majirani wa Kathiani na nyinyi mliotoka mbali kuja kumsindikiza, mimi ni Mutheu, mdogo wake marehemu, tumenyonya ziwa moja. Familia imenituma nisome maisha yake, na kamati ya mazishi imeniomba nisome polepole, nisiseme mengi, na nikifika pale pa ugonjwa nitamke tu kwamba aliugua kwa muda mfupi. Polepole nitasoma. Hayo mengine mtanisamehe.

Rael Nzembi alizaliwa tarehe 3 Mei 1957 hapa Kathiani, mtoto wa kwanza wa mama yetu Wanza, aliyeketi hapa mbele, na marehemu baba yetu, aliyekuwa mwashi. Alianza shule mwaka 1964, akamaliza darasa la saba mwaka 1970, akapita vizuri, lakini mwaka ule mvua ilitunyima, na aliyepelekwa mbele kusoma akawa kaka yetu, si yeye. Nzembi alilipokea hilo bila kununa, mimi ndiye niliyenuna kwa niaba yake, na bado sijamaliza. Alijifunza kushona mjini Machakos, na mwaka 1974 akafungua kibanda chake cha cherehani sokoni Kathiani, akashonea nusu ya watoto wa hapa sare za shule, hata wewe unayenitazama kwa jicho hilo, kaptura yako ya kwanza huenda ilitoka mikononi mwake.

Aliolewa na Reuben Kitheka tarehe 16 Desemba 1978, wakajaliwa watoto wawili, Mumo aliyezaliwa mwaka 1980 na Mbithe aliyezaliwa mwaka 1984, na wote wawili wako hapa.

Tarehe 12 Septemba 1992, ukame ulipotukaba, kikundi chetu cha mwethya, kile cha kusaidiana kazi za mikono kwa zamu, kilikuwa kikichimba bwawa pale bondeni. Nzembi alikuwa ameshika jiwe upande mmoja, aliyeshika upande wa pili akaliachilia kabla ya wakati, uzito wote ukamwendea yeye, akaanguka chini na hakuweza kuinuka, wakambeba kwa machela ya gunia hadi nyumbani. Simtaji mtu, ilikuwa ajali, na maji ya bwawa lile tunayatumia mpaka leo.

Tangu siku ile hakuketi wala kusimama kama watu wengine. Mwaka 1996 alipasuliwa mgongo, diski iliyoteguka kati ya pingili ikaondolewa, maumivu yakabaki palepale, kisha yakateremkia mguu wa kushoto, yakawaka kama amekalia makaa. Kazi hakuacha, alishona kola moja akalala sakafuni, akainuka, akashona nyingine, na wateja walimkuta chini ya meza wakadhani anatafuta sindano.

Mwaka 2000 daktari mmoja wa Nairobi, katika hospitali ambayo sitaitaja, alimwambia kuna mashine ndogo ya umeme inayofukiwa chini ya ngozi kiunoni, waya zake hupitishwa kwenye uti wa mgongo, nayo huyavuruga maumivu kabla hayajafika kichwani. Tarehe 25 Novemba tukafanya harambee uwanjani pa kanisa, watu wakatoa ng'ombe, wakatoa mbuzi, kuku mmoja akapigwa mnada mara nyingi hadi akachoka, mlitoa kwa moyo na sitadharau hata yai. Akawekewa ile mashine tarehe 20 Machi 2001, akarudi akitembea wima, akafika sokoni kwa miguu yake, sote tuliona.

Hapo ndipo tulipokosea, sisi watu wa hapa. Kwetu mtu akichangiwa lazima ashukuru, na ashukuru haraka, ili kila mmoja aone ng'ombe wake alikwenda wapi. Jumapili tarehe 3 Juni 2001, kidonda hakijakauka vizuri, ikafanywa ibada ya shukrani, Nzembi akasimamishwa mbele, akaambiwa ainame ashike vidole vya miguu, akainama, akashuhudia kwamba amepona kabisa, na kanisa zima likapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga.

Agosti haijaisha, waya ukahama. Umeme uliotakiwa utulize mgongo ukawa unapiga mbavu, anakata kitambaa mkono unaruka, akiizima mashine maumivu yanarudi yote. Alirudi kwa daktari, akapimwa kwa kifaa chao, akaambiwa mashine iko sawa, haina kasoro yoyote, ila yeye apunguze wasiwasi. Ati wasiwasi! Mashine iliaminiwa, mwenye mgongo hakuaminiwa. Mwaka 2003 wakampasua tena kuurudisha waya, akapata nafuu kidogo, ukahama tena, na mwaka 2005 betri ikafa. Ya kubadilisha haikupatikana, na hiyo iliyokufa haikutolewa, iko ndani yake, na leo tunamzika nayo.

Mtauliza mbona hakusema. Alisema. Aliomba kikundi kimpumzishe kazi ya jembe, wakamtoza faini ya kutofika, na mmoja akamwuliza mbele ya watu, "Rael, si wewe ulituinamia kanisani?" Wakacheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jioni ile alinijia, akaniambia, "Mutheu, nikisema bado naumwa, nitakuwa nimewaibia watu ng'ombe zao."

Basi akanyamaza. Alikuja kanisani, akasimama nyimbo zote, akatabasamu, akifika kwake anatambaa kutoka mlangoni hadi kitandani, na watoto wake ni mashahidi. Akameza vidonge vya maumivu vya dukani asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu mwenye duka la dawa hakumwuliza kama alishatoa ushuhuda.

Mtu mmoja hakumdai shukrani. Ni Safiyo, mwenye duka la vitambaa mjini Machakos, ambaye kila Nzembi alipokwenda kuchukua vitambaa alimtandikia mkeka nyuma ya marobota, akamvutia pazia, akaendelea kuuza, na akiamka anampa chai. Safiyo ameketi pale nyuma, na wengine wenu mmekuwa mkiulizana tangu asubuhi amekuja kwa nani. Amekuja kwa rafiki yake.

Januari mwaka huu wa 2008 miguu ya Nzembi ilivimba, akapimwa, ikaonekana vile vidonge vimemaliza figo. Alilazwa mjini Machakos, akatoka, akalazwa tena, akafariki alfajiri ya Jumanne tarehe 12 Agosti, Mbithe akiwa amemshika mkono. Nimewasikia tangu jana mkinong'ona kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hakuyaficha, tulimziba mdomo, na hakuugua kwa muda mfupi, aliugua tangu mwaka 1992.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, waliompa sindano bila kumhoji, majirani waliochimba kaburi na kuteka maji, mafundi wenzake wa sokoni waliofunga vibanda leo, Safiyo, na shemeji yangu Reuben, aliyemgeuza kitandani usiku baada ya usiku na hakuwahi kumwambia anajidai. Yule daktari wa mashine, shukrani yake nimeisahau nyumbani.

Sasa tunamshusha, lakini kwanza ushuhuda wake urekebishwe palepale ulipotolewa, mbele ya kanisa hili hili, na kwa kuwa yeye hawezi, nausema mimi. Rael Nzembi hakupona. Aliumwa, kila siku, na hakumwibia mtu. Dada yangu, wamesikia. Lala, pumzika kwa amani, na usimshukuru mtu.