Mukono ya Siku ya Mechi

Bandugu na badada, sitabachelewesha. Mechi iko saa tisa na lazima nifike ku stade mbele ya bengine. Ninyi benye munakaa nyuma ya kanisa na kuniangalia sana, mi pia ninabaona. Kuchunga bantu kwa mashaka njo ilikuwa ugonjwa yangu.

Munajua nilichezaka mupira, na ilinipatia chakula. Siye bachezaji, siku ya mechi hatusalimiane kwa mukono. Banasema mukono ya muntu inaweza kukamata nguvu ya miguu yako. Siku moja nikasahau, nikasalimia mwenzangu mu ekipe. Mangaribi goti yangu ilishavunjika, na hakuna muntu alinigusa. Munganga akasema goti ilichoka tangu zamani. Mi nikajiuliza, na huyu munganga, nani alimutuma?

Kutoka pale nikaogopa kila muntu. Ku nyumba, kule Hewa Bora, muke yangu anapika bukari, ugali yetu, na samaki ya ziwa ya Kilwa, mi ninakula mayai nimechemusha mwenyewe, ju hakuna muntu anaweza kutia kintu mu yai yenye haijapasuka. Alikuwa analia. Nabaambia ukweli, hata machozi yake niliitilia mashaka.

Njo papa moja, muzee, akanifuata, mutangazaji mukubwa wa mupira ku radio. "Mutoto yangu, kuya ukae pembeni yangu, utusaidie kueleza mechi." Mu Lubumbashi hii, nani anakupatia kiti yake bure? Nilienda ju ya njaa tu. Kila siku ya mechi ananyoosha mukono, mi ninaweka yangu mu mufuko.

Siku moja, katikati ya mechi, sauti yake ikakatika. Akanisukumia mikro. Nikawaza, ni mutego, anataka muji muzima unicheke. Nikanyamaza. Ku radio banasikia makelele ya bantu tu.

Telefone ikalia. Muke yangu, alikuwa anatusikiliza ku nyumba.

"Papa ya batoto, ju ya nini munanyamaza?"

"Sijue hawa bantu banataka nini na mi."

"Achana nabo. Mi niko ku nyumba, sioni kintu. Uniambie mi: nani iko na mupira?"

Nikamuambia. Nikamuambia nani anapita kuume, nani ameanguka, namna kipa ametoka vibaya. Mikro ilikuwa wazi mbele ya kinywa yangu. Nilimuambia yeye mpaka firimbi ya mwisho, na muji muzima ukasikia.

Kisha papa akaniandikia ku karatasi: ile koo yake inakufa, munganga alishamuambia. Alikuwa anatafuta tu muntu wa kuachia kiti. Nilisikia haya mpaka ndani. Na ile siku nikakula bukari ya muke yangu, nikapanguza sahani.

Ninashukuru Mungu. Ninashukuru ule papa, haongeake tena lakini anatusikiliza. Ninashukuru muke yangu, ule anainamisha kichwa pale mbele. Sisemi mashaka imeisha. Hata leo nilijiuliza ju ya nini munaniita kusema. Lakini kama unaogopa bantu bote, chagua moja, umuambie yeye. Bengine batasikia.

Sasa ninaenda kusimama ku mulango. Munajua leo ni siku ya mechi. Mupite polepole, kila muntu anipe mukono.