Kamba ya Kivukoni

Kijiwe hiki hakipo barabarani, maana Februari ya Ufini haimkalishi mtu nje. Ni benchi la mbao ndani ya uwanja wa riadha wa ndani, chini ya dirisha la jikoni la Rauni, mkabala na kioo kirefu. Ukikaa hapo unaona njia za wakimbiaji zinavyozunguka, na katikati yake magodoro ya kuruka juu, shimo la mchanga na duara la kurushia tufe. Wanaolikalia ni wazee wanaojitolea kila Jumamosi ya baridi kusimamia mashindano, na Jumapili hurudi kuyasimamia upya kwa mdomo. Oiva hupima muda wa wakimbiaji, kwa hiyo anaitwa Saa. Kauko husawazisha mchanga wa kuruka mbali, naye ni Mchanga. Eila, mwamuzi mkuu, ni Kalamu. Anayekaa pembeni kabisa ni Tauno, Tufe, aliyekuwa akirusha tufe enzi za nguvu zake na sasa hushika kamba ya kivukoni, pale warukaji wanapokatiza njia za wakimbiaji kwenda kwa makocha wao.

Jumapili hiyo Eila alikuwa na fomu pajani. Jana yake Saimi, binti wa mbio za mita mia nane, alikuwa kwenye mzunguko wa tatu kati ya minne ya humu ndani alipogongana pale kivukoni na Vilja, binti wa kuruka juu. Saimi akavunjika mtulinga. Fomu ilitaka sababu, na ilitakiwa kutumwa kabla ya saa kumi jioni. Eila akiandika kwamba Vilja alikatiza bila ruhusa, Vilja haruki tena mpaka msimu uishe, na mchujo wa vijana wa nchi nzima ulikuwa Jumamosi inayofuata, humu humu ukumbini.

— Andika, Eila, — alisema Oiva. — Kuna haja gani ya kuzungushana? Mtoto kaona kamba iko juu, kainama, kapita. Kwisha.

— Anasema ilikuwa chini.

— Wewe uliikuta wapi ulipofika?

— Juu. Imefungwa.

— Basi, — alisema Oiva, akapuliza kahawa yake.

Tauno aliangalia kikombe chake. Alijua kamba ilikuwa wapi. Saa saba na nusu kamili Rauni hugonga kengele ya kahawa, mikate mitamu ya iliki ikitoka jikoni, na watu wa uwanja wa kati huacha vyote wakaja kunywa. Ndivyo ilivyo tangu ukumbi ujengwe. Watu wa mbio hubaki mpaka mchujo wao uishe. Jana mbio zilichelewa dakika ishirini, lakini kengele haikuchelewa. Tauno, kwa kuwa alirusha tufe zamani, jina lake lipo kwenye orodha ya uwanja wa kati. Aliposikia kengele akailaza kamba, akavuka, akaenda kwenye kahawa. Hakuifunga tena. Na ukumbini humo kila mtoto wa miaka sita anafundishwa kwamba kamba ikiwa juu unasimama, ikiwa chini unapita.

Hilo lilikuwa baya, lakini kulikuwa na baya zaidi. Aliposikia ukelele alikimbia kurudi, na wakati watu wote wameinamia watoto wawili sakafuni, mikono yake iliifunga kamba. Hakuiambia ifunge. Ilifunga tu, na usiku kucha hakulala kwa aibu.

— Msimwonee mrukaji, — alisema Kauko Mchanga. — Mkimbiaji naye ana macho. Mbona hakumkwepa? Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

— Unamwambia mkimbiaji haraka haina baraka? — Oiva aliuliza. — Sasa tumpe medali anayetembea?

— Nasema wanakimbia wameinamisha vichwa kama wametumwa kutafuta sindano. Mimi nimepigwa kikumbo na watu wako mara nne nikiwa na reki yangu mkononi.

— Kwa sababu unasimama kwenye njia ya kwanza kupiga soga.

— Nasimama kwenye njia ya kwanza kwa sababu mchanga wangu unamwagika kwenye njia ya kwanza.

— Na ndio unaowatelezesha watoto.

— Haya, — alisema Eila bila kuinua macho. — Mchanga hauhusiki hapa.

— Fahari wawili hawakai zizi moja, — Rauni alisema dirishani, akiwaongezea kahawa. — Nimewaambia miaka yote. Asubuhi wakimbie, mchana waruke.

— Asubuhi gani? — Kauko akadakia. — Wakimbiaji wakipewa asubuhi watamaliza usiku. Jana yenyewe mlichelewa.

— Tulichelewa kwa sababu warusha tufe wenu waliviringisha tufe mpaka kwenye mstari wa kuanzia. Mpiga bastola kasimamisha mbio mara mbili.

— Tufe la ndani ni laini, halimuui mtu.

— Kilo nne ni kilo nne hata ukizivika soksi.

Tauno alitaka kusema tufe lile lilizuiwa na wavu, akaona heri anyamaze. Anayejua kosa lake haanzi kusahihisha ya wenzake.

— Tufe, mbona leo umekuwa bubu? — Oiva alimgeukia. — Wewe ndiye mwenye kivuko. Hebu tuambie, kivuko ni cha nani? Cha njia au cha uwanja wa kati?

— Kimekata njia, — alisema Tauno.

— Enhe. Kwa hiyo ni chetu.

— Lakini wanaopita ni wetu, — alisema Kauko. — Daraja ni la mto au la wanaovuka?

— Daraja ni la serikali.

— Mimi naona kosa ni la macho, — aliendelea Kauko, akijiweka sawa kama mtu anayeanza hotuba. — Sikilizeni. Ufini magari yanapita kulia. Mtoto anapovuka barabara anatazama kwanza wapi? Kushoto. Sasa akitoka uwanja wa kati kuvuka njia, mkimbiaji anatokea wapi?

Oiva alifikiri, akazungusha kidole hewani kinyume na saa yake.

— Kulia.

— Kulia. Mtoto katazama kushoto, kaona peupe, kapita, kagongwa kutoka kulia. Kosa la nani? La serikali.

— Kwa hiyo Waingereza hawagongani?

— Umewahi kusikia Waingereza wamegongana?

— Sijawahi kuwauliza.

— Ndio hivyo. Wao wanaendesha kushoto. Wamezaliwa salama.

Rauni alicheka mpaka akashika fremu ya dirisha. Oiva hakucheka, maana alikuwa anaogopa kushindwa.

— Kama ni hivyo, dawa si macho, dawa ni masikio, — alisema. — Zamani mkimbiaji akiita "njia", watu wanatawanyika. Siku hizi kila mtu anaita. Anayekimbia anaita, anayepasha misuli anaita, wa kwenda chooni naye anaita. Nani atasikiliza? Wavalishwe kengele, kama kulungu wa kaskazini. Unamsikia kabla hajafika.

— Wanane kwa pamoja, kila mmoja na kengele? Mrukaji atahesabu vipi hatua zake?

— Ajifunze kuhesabu kwa sauti.

— Mimi ningechimba, — Kauko alisema. — Njia ya chini kwa chini, kutoka magodoroni mpaka kwa makocha. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Sakafuni kuna mabomba ya maji moto. Utawachemsha.

— Basi turushe tufe ziwani. Barafu sasa hivi unene wake nusu mita.

— Tufe likizama?

— Litapatikana Mei.

— Fomu hii inataka mstari mmoja, — alisema Eila. — Siwezi kuandika barafu wala Waingereza. Kama hakuna mwenye jingine naandika lile lile. Saa tisa na robo sasa.

Akafungua kalamu. Tauno alijua kitakachofuata. Akisema, fomu itabeba jina lake, na jina likibebwa na fomu mwenye jina haruhusiwi kusogelea mashindano mpaka kamati ikae Mei. Tangu Aune, mkewe, azikwe, wiki yake ilikuwa na siku moja tu yenye maana, na siku hiyo aliishinda ameshika kamba. Aliipenda kazi ile. Alipenda watoto wanavyosimama mbele yake wakimtazama usoni, wakingoja mkono wake. Asiposema, hakuna atakayejua. Alipanua mdomo, akaujaza mkate.

Mlango wa nje ulifunguka, baridi ikaingia na msichana mrefu mwenye theluji mabegani. Shavu lake lilikuwa na mchubuko wa rangi ya zambarau. Alivua kofia, akasimama mbele ya benchi.

— Vilja, — alisema Eila. — Mwanangu, hairuhusiwi kuongea na mimi kabla fomu haijaenda.

— Sikuja kujitetea. Nimekuja kuuliza kitu kimoja.

— Uliza, — alisema Oiva.

— Kamba ikiwa chini, maana yake nini?

Kauko alikuna goti.

— Jana ilikuwa juu, — alisema Eila polepole. — Niliiona mimi mwenyewe.

— Sikuuliza ya jana. Nauliza ikiwa chini, maana yake nini.

Swali lenyewe hata mtoto wa miaka sita analijibu. Lakini Oiva alijua akijibu amempa binti nusu ya kesi, na Eila alijua hivyo hivyo, na Kauko, aliyekuwa akimtetea saa nzima kwa barabara za serikali, alikuta utetezi wa kweli umekuja na ulimi umemganda. Vilja aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu aliyefundishwa jambo na sasa anataka kujua kama lilikuwa kweli. Na aliyemfundisha alikuwa Tauno, miaka kumi iliyopita, pale pale kivukoni, amepiga goti ili wawe kimo kimoja.

— Maana yake pita, — alisema Tauno.

Akameza mkate uliobaki.

— Ilikuwa chini, Eila. Niliilaza mimi kengele ilipogongwa, nikaja kunywa kahawa. Nikaiacha hivyo. Mliyoikuta juu niliifunga baadaye, mmeinama.

Rauni aliweka birika chini taratibu, akasema yeye ndiye aliyegonga kengele wakati anaona kabisa mbio bado zinaendelea. Eila akamwambia kengele haina safu kwenye fomu.

— Tauno, — alisema kisha. — Unajua nikiandika hivi inakuwaje.

— Najua.

— Mpaka Mei.

— Najua, Eila. Andika.

Eila aliandika. Mstari mmoja ulitosha. Tauno alitegemea kujisikia mwepesi, kama watu wanavyosema, lakini alijisikia mzee tu, na mbele yake akaona Jumamosi nyingi ndefu. Alisimama, akamkabili Vilja.

— Nilikufundisha sawa, halafu nikakufanya mwongo mbele ya watu. Nisamehe.

Vilja alitikisa kichwa kukubali. Hakusema si kitu, maana ilikuwa kitu.

— Kwa hiyo Jumamosi naruka?

— Unaruka, — alisema Eila.

— Na kivukoni atakaa nani?

Hapo kijiwe kikaona mambo mengine ya kutazama. Oiva alisema yeye ana saa zake, mtu hawezi kupima muda na kushika kamba. Kauko alisema kivuko ni cha njia, hilo walishakubaliana. Oiva akasema hawakukubaliana lolote, wanaovuka ni watu wa nani? Kauko akakumbuka goti lake, ambalo halisimami zaidi ya dakika kumi. Eila aligeuza orodha ya majina mbele na nyuma, nyuma ilikuwa tupu.

— Basi nimwambie Saimi sawa, — alisema Vilja, akivaa kofia.

— Saimi gani? — aliuliza Oiva.

— Saimi. Nimetoka kwao sasa hivi. Amesema kama mtakosa mtu, atakaa yeye. Hawezi kukimbia, lakini mkono mmoja unatosha kushika kamba.

Kauko hakutafuta methali. Ng'ambo ya kioo kocha mmoja alikuwa anazunguka peke yake, akizima taa za upande wa mbali.

Tauno ndiye aliyejibu.

— Mwambie aje mapema, — alisema. — Mimi sitaruhusiwa kuingia, lakini hapa mlangoni hawanifukuzi. Nitamwonyesha namna ya kufunga lile fundo kwa mkono mmoja.