Ulimi wa Anatolia

Sikilizeni wanangu, Leonadi na Jovin, sogeeni. Na wewe Anatolia, mjane wa mwanangu Evaristi, kaa karibu na mdomo wangu kama ulivyozoea, uwaambie ninayosema, maana wao husikia mapovu tu.

Aibu imenijaa. Tangu siku ile nilipoanguka Omurushaka, watu wakacheka wakidhani Mzee Kashaija kazidiwa na pombe ya rubisi, sijainua uso. Daktari pale Nyakahanga alisema mshipa mdogo wa kichwani umeziba, na kwamba nafuu huja upesi miezi ya mwanzo, kisha hujikokota, labda mwaka, labda zaidi, nisiache mazoezi. Nanyi mlileta sukari, mkaaga. Aliyebaki ni mkwe, ambaye kwa desturi yetu hapaswi hata kunishika mkono, akanifuta mate, akaninyanyua, akanivika suruali, mimi nimefumba macho kwa soni, nikitamani ardhi inimeze. Siwalaumu. Baba yenu nilikuwa natisha kumtazama.

Leo mguu umelegea tena na gari la hospitali liko njiani, basi niseme sasa. Ng'ombe ni wa Jovin. Shamba la kahawa la kule Bugene ni la Leonadi. Nikifa, nizikeni kando ya mama yenu, bila mbwembwe.

Kimebaki kibanja hiki, nyumba na migomba yake. Anatolia, waambie neno hili la mwisho, kisha nyamaza kabisa: linalofuata nitalisema mwenyewe, wasije wakadai umejisemea. Kila alfajiri uliponisikia nikinong'ona ukadhani nasali, nilikuwa naufundisha ulimi huu jina moja. Nilianza na herufi ya kwanza, nikalia kama mtoto. Nitazameni mdomo, wanangu, msinionee haya.

Ki... kibanja... cha Ana... Anato... Anatolia.

Leonadi... umesikia? Sema.

Se... sema kwa sauti. Na wewe, Jovin.

Haya. Mu... Mungu awape uzao... awape mvua... msigombane. Nime... choka.

Anatolia... binti yangu... nifute mdomo. Hapa hapa... mbele yao.