Matundu Arobaini na Moja

Benchi yetu ya mtaa wa Nguba iko chini ya ukuta mkubwa wa mawe. Msanifu majengo mmoja Mwingereza, Bwana Pelham, aliujenga zamani za Wabelgiji ili kuzuia udongo wa kilima. Nauza kahawa hapo kila asubuhi, na nyumba yangu imeegemea ukuta huohuo. Nikiwa kwenye benchi naona mlango. Ndani mwanangu mchanga Aganze amelala. Jana ukuta ulikuwa na ufa wa kuingia kidole kimoja. Leo viliingia viwili, ukuta ulikuwa umeanza kuvimba, na wingu jeusi lilikuwa limeshavuka Ziwa Kivu.

— Maman Aganze, usiogope, alisema Papa Barthélemy, tunayemwita Professeur. Ule Muingereza alijengaka makanisa kwao mbele ya kufika huku. Ukuta yake haiangukake.

— Makanisa gani? alicheka Radio, dereva wa zamani wa taksi. Kanisa moja ilimuangukia, njo akakimbilia Kivu!

— Muongo! alisema Professeur.

— Na dhahabu yake alifungiaka mu ukuta. Njo maana ukuta iko navimba.

— Dhahabu haivimbake, Radio. Muke wake njo iko mule. Alizamaka mu ziwa, Muingereza akamujengea kaburi mule. Mvua ikikaribia, anageuka.

Niligeuka kutazama mlango wangu, kahawa ikamwagika. Tonton Placide, fundi mwashi, alinishikia chupa ya kahawa. Ndivyo alivyo. Masika yaliyopita aliona matundu madogo ambayo Mwingereza aliyaacha ukutani yakidondosha matope juu ya nepi za mtoto. Kiangazi akaja na simenti yake mwenyewe, akayaziba yote arobaini na moja. Nilimwombea sana siku ile.

— Kupitia ile matundu, Radio aliendelea, Muingereza alikuwa anachunguliaka batu. Placide alituokoa!

Mama mmoja kutoka mashambani Walungu, Emérence, aliweka chini beseni lake la viazi, akaomba kikombe. Aliutazama ukuta toka juu hadi chini.

— Bapapa, mvua ikinyesha kule juu, maji ya nyuma ya ukuta inatokeaka wapi?

Professeur na Radio waligeukia matundu yaliyozibwa. Tonton Placide akaweka chini kikombe kilichojaa, akatazama mikono yake.

Tone la kwanza lilianguka kwenye benchi.

— Maman Aganze, alisema Placide polepole, beba mutoto. Naenda kuleta marteau.

Nilikuwa nimeshakimbilia nyumbani. Nilipotoka na Aganze kifuani, mvua ilikuwa inamwagika, na nyundo ya Placide ilikuwa imefungua tundu la kwanza, maji ya matope yakiruka nje.

Yalibaki arobaini.