Ulimi Pembeni mwa Mdomo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama umekaa kwenye kochi, kaa vizuri, maana leo tunamkumbuka fundi makochi. Mtaani walikuwa wakimwita Mama Sponji. Ametutoka wiki iliyopita, bibi wa miaka themanini na mmoja. Fundi makochi, Mama Sponji.

Aliyetusimulia habari zake ni binti wa kaka yake. Leo ni daktari wa meno. Lakini alipokuwa darasa la pili, hakujua hata kama ana shangazi. Nyumbani kwao hakutajwa. Kisa nini? Baba yake alimwambia dada yake, "Mwanamke hapigi misumari. Unatutia aibu." Dada naye akajibu, "Basi hesabu huna dada." Akabeba nyundo yake, akaondoka. Wakanuniana miaka na miaka, na wanaishi mji mmoja!

Siku moja mama wa yule binti akampa mto wa kiti uliochanika. "Mpelekee fundi mwanamke, kule nyuma ya posta. Na baba yako asijue."

Mtoto akaingia karakana. Harufu ya gundi. Makochi yamelala miguu juu. Sponji zimepangwa hadi dirishani. Mwanamke mmoja amepiga magoti, anagonga misumari, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Akainua uso. Paji pana, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Mtoto akaganda. Uso ule aliuona kila asubuhi kwenye kioo, ila huu ulikuwa wa mtu mzima.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa baba."

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. "Hilo paji nalijua! Ukoo mzima tumegawiwa hilo hilo. Mimi shangazi yako, mwanangu."

"Akaniruhusu kuruka juu ya sponji," anakumbuka daktari. "Niliruka mpaka kiatu kikapotea. Shangazi akavua vyake, akaruka na mimi."

Basi wasikilizaji, tangu hapo kila akitoka shule, miguu ilimpeleka karakana. Akajifunza kukaza kitambaa. Akajifunza kugonga msumari. Jioni mama yake alimkung'uta vipande vya sponji nywelani, pale mlangoni, kabla baba hajarudi.

Mambo yakafichuka Jumamosi moja. Mguu wa meza ulilegea. Binti akachukua nyundo, akainama, akagonga. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Aliuona ule ulimi.

"Nani kakufundisha?"

Mama akajifanya anatafuta kitu kabatini. Mtoto akasema, "Shangazi."

Baba akauliza polepole, "Bado anatoa ulimi?"

"Anautoa, baba. Hadi kazi iishe."

Baba akaanza kucheka, na machozi yanamtoka. Akavaa viatu, akamshika binti mkono, wakatoka.

Alipofika karakana alisimama mlangoni, mikono nyuma. Dada yake hata hakuinuka. "Hapa hawaingii wasiojua kupiga misumari."

"Basi nifundishe, dada."

Akapewa nyundo. Pigo la kwanza, kidole gumba! Wakacheka wote watatu, majirani wakaja kuchungulia kuna nini.

Kochi walilolimaliza siku ile lilikuwa limeinama upande mmoja. Mama Sponji alikataa katakata kuliuza.

"Hadi leo nikimng'oa mtu jino, ulimi unanitoka," anasema daktari. "Bahati nzuri navaa barakoa."

Kaka mtu bado yupo. Alituambia kwa simu, "Miaka ile sitarudishiwa. Lakini iliyofuata, mimi na dada tuliifaidi yote."

Kwa mzee wetu huyo, kwa daktari, kwa mama yake, na kwa mafundi wote aliowafunza marehemu: poleni sana. Mungu awape nguvu.

Nawe unayenisikiliza, fikiri kidogo. Huenda kuna ndugu yako mmenuniana, na sura zenu ni moja. Sasa naweka muziki. Ni mrefu, tena hauna maneno. Punguza sauti ya redio, umpigie.