Walisema Maji Yangu Matamu

Shikamooni wazee wangu. Wengine wote, poleni na shughuli. Mwenyekiti amenipa ruhusa nikae, kwa hiyo msinione mtu wa majivuno. Magoti yamechoka, na mwenye magoti kachoka pia. Na asanteni kwa hii glasi ya maji mliyoniwekea hapa mezani. Nitakunywa nikimaliza.

Habari hii nimeshaisimulia kwenye vikundi vitatu kabla yenu. Kila nikimaliza naapa sisemi tena. Halafu nasikia kijiji fulani kimechimbiwa kisima, wamemchagua mtu wa kukisimamia, na nyumbani sikaliki. Basi leo ni zamu yenu. Majina ya watu sitataja. Langu mnalijua, na anayestahili lawama ni mimi.

Mimi mzaliwa wa Mkuyuni. Nikaja kuoa huku chini ya mlima, upande wa Mlali, na desturi yetu Waluguru mnaijua, ardhi ni ya ukoo wa mwanamke. Shamba ninalolima ni la mke wangu. Kiwanja nilichojenga ni cha mke wangu. Na mke wangu ana mama, nyumba yake iko hatua ishirini kutoka mlangoni pangu. Mwanamume aliyeoa akahamia ukweni ananielewa. Una mvi kichwani, una wajukuu, lakini mama mkwe akikohoa tu, unasimama. Mnacheka? Haya, chekeni sasa hivi, mbele huko hamtacheka.

Tulipochimbiwa kisima kirefu, ilikuwa sherehe. Pampu ya sola, tenki juu ya mnara, mabomba manne ya kuchotea. Zamani tulikuwa tunachota korongoni, wewe na ng'ombe mnapishana. Ukaitishwa mkutano wa kutafuta mtu wa kuendesha pampu. Mjomba wa mke wangu, mkubwa wa ukoo, akainuka akasema, "Mkwe wetu hana maneno mengi. Apewe yeye." Watu wakapiga makofi.

Nikapelekwa mjini siku mbili kufundishwa. Kuwasha, kuzima, kuosha tenki, na kutia dawa. Dawa ni klorini, unga mweupe. Unaukoroga kwenye ndoo, unauacha utulie, yale maji ya juu unayamimina tenkini. Halafu unakwenda mpaka bomba la mwisho kabisa, unakinga maji kwenye kichupa, unatumbukiza kidonge cha kupimia. Yakigeuka rangi ya waridi, dawa imefika. Yakibaki meupe, haijafika.

Nilimuuliza mwalimu, "Maji yanatoka chini kabisa, masafi, dawa ya nini tena?" Akanijibu, "Chini ni masafi. Lakini yanapita kwenye bomba, na bomba hupasuka. Dawa inayalinda mpaka yafike kwenye kikombe." Nikaelewa. Ndugu zangu, nawaambia, nilielewa vizuri kabisa. Msije mkasema baadaye kwamba mzee wa watu hakujua.

Wiki ya kwanza tu, mama mkwe akaniita. Nikaenda, nikachuchumaa mlangoni, nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Mkwe, haya maji yako yananuka hospitali. Chai nimetia mdalasini, nimetia iliki, bado nakunywa hospitali."

"Mama, ni dawa. Utazoea."

"Nimezeeka. Nizoee saa ngapi?"

Na hakuzoea. Kila nikipita anainua kikombe anakinusa, ananitazama. Bombani nako maneno. Mara nywele zinakatika, mara maharage hayaivi. Mmoja akavumisha kwamba dawa inafunga uzazi, na mwenyewe ana watoto tisa! Jamani, mtu wa watoto tisa! Lakini yale ya bombani ningeyavumilia. La mama mkwe lilinishinda. Unaishi kwenye ardhi ya mtu, unakula ulichovuna kwenye ardhi ya mtu, halafu chai yake unamharibia kila siku? Nikaona aibu.

Nikapunguza. Vijiko vitano nikatia vitatu. Akanusa, akasema, "Afadhali." Nikatia viwili. Nikatia kimoja. Halafu siku moja sikutia kabisa, na jua likachwa salama, watu wakachota, hakuna lililotokea. Basi nikaacha. Daftari la dawa nikaendelea kulijaza vilevile: leo nimetia, leo nimetia.

Mama mkwe akaniletea kikombe cha chai kwa mkono wake mpaka kwangu. "Mkwe, maji siku hizi matamu. Sasa hii ndiyo chai." Loh! Nilivimba kichwa. Nilitembea pale kijijini utadhani maji nayapika mimi. Wanawake bombani wananisifu, nami natabasamu, naitikia.

Masika yakaja. Mtu analima kando ya korongo, jembe likapiga bomba la chini ya ardhi, bomba likapasuka. Kiungio kipya kiko mjini, na barabara ni tope tupu. Nikafanya ufundi wetu tunaoujua wote, nikachana tyubu ya baiskeli, nikazungusha, nikakaza, nikafukia. Nikasema keshokutwa nitakwenda kununua kiungio. Keshokutwa ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Na wakati ule mawingu yalikuwa mazito, sola haishiki, pampu inazima, bomba linabaki tupu. Bomba tupu lenye ufa linavuta kilichopo nje. Juu ya korongo pale kuna zizi, na kuna vyoo vya nyumba tatu. Maji ya mvua yanateremka kutoka huko yanatuama palepale nilipofunga tyubu.

Wakaanza kuharisha watoto. Tukasema ni maembe. Wakaanza wakubwa, homa haishuki, vichwa vinauma. Tukasema malaria. Mimi moyoni kitu kilikuwa kinanikwaruza, nikakikataa. Nilijitia hamnazo. Halafu mke wangu akalala, hakuinuka.

Zahanati wakatupeleka hospitali ya mjini. Homa ya matumbo. Na pale wodini, mnajua, ndugu ndio wanaoleta chakula na maji. Siku tatu nilibeba dumu la lita tano kutoka bombani kwetu, maji yaleyale, namnywesha mke wangu kitandani kwa mkono huu. Mkono huu hapa.

Siku ya tatu muuguzi akasimama kando ya kitanda. "Baba, mmekuja wagonjwa wengi kutoka upande wenu. Maji mnakunywa ya wapi?"

"Ya bomba."

"Yanatiwa dawa?"

Nikamjibu, "Yanatiwa." Bila hata kumeza mate. Akaandika, akaenda zake.

Mke wangu alikuwa amesikia. Midomo imekauka, sauti haipandi. Akasema, "Baba Fulani, nipe maji." Nikamsogezea chupa ya maji waliyotupa hospitali. Akayasukuma. "Hayo yananuka dawa. Nipe ya kwetu. Nipe yale yako matamu."

Nikamimina kikombe kutoka kwenye dumu. Nikakifikisha karibu na mdomo wake, na mkono ukagoma. Wallahi, uligoma. Nikakimwaga kwenye beseni. Nikachukua na dumu lenyewe, nikalimwaga lote.

"Unamwaga maji yangu?" akauliza.

Nikamwambia. Yote, tangu kijiko cha kwanza nilichopunguza. Nililia kama mtoto, wodi nzima inanitazama. Yeye akafumba macho. Halafu akasema, "Mama anajua?"

"Hajui."

"Nenda kamwambie. Mwenyewe. Usimtume mtu."

Kwanza nikamfuata muuguzi, nikamwambia nimemdanganya. Hakunitukana. Alisema, "Ungesema tangu juzi mlipofika," akakimbilia kwa daktari. Heri angenitukana.

Nilimkuta mama mkwe uani anachambua mboga. Nikapiga magoti, sikuchuchumaa. Nikasema. Akaniuliza neno moja, "Tangu lini?"

"Tangu ile chai uliyoniletea, mama."

Akaweka ungo chini. Nilingoja anifukuze kwenye ardhi yake, na ningeondoka bila kubisha. Akajifunga kanga kiunoni. "Nenda kafunge mabomba yote," akasema. "Mimi napita nyumba kwa nyumba." Na akapita, bibi wa miaka ile, kwenye tope lile. Kila mlango nasikia kauli ileile: "Msinywe maji ya bomba. Chemsheni. Mimi ndiye niliyemsumbua mkwe wangu." Mimi sikumtuma aseme hivyo. Lilikuwa kosa langu, yeye akajitwisha.

Kesho yake utumbo wa mke wangu ulitoboka, wakampasua. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, sina hata dua mdomoni. Daktari alipotoka akasema yuko hai. Hakuna aliyekufa kijijini kwetu. Watu huniambia nimshukuru Mungu, na namshukuru, lakini nilikuwa natembea kama mtu aliyekoswa na gari, naliona lile gari kila siku.

Mkutano wa kijiji sitausimulia wote. Sina nguvu. Baba mmoja ambaye watoto wake wawili walikuwa wamelazwa alitema mate mbele ya viatu vyangu. Mjomba, yuleyule aliyenipendekeza, akasema, "Kumbe maneno hana, na dawa hana." Wakataka funguo. Nikazitoa. Mama mkwe akasimama nyuma huko kwa wanawake. "Mrudishieni," akasema. "Huyu sasa anaogopa. Mwingine mtamfundisha uoga mkiwa mmeugua tena?" Wakabishana mpaka alasiri. Wakanirudishia kwa sharti kwamba nisipime peke yangu, na mama mkwe ndiye shahidi.

Tangu hapo, kila asubuhi bibi yule anakaa kwenye bomba la mwisho na kikombe chake cha bati. Mimi natumbukiza kidonge, yeye anakunywa funda moja, anakunja uso, anasema, "Yananuka. Choteni." Kabla hajasema, hakuna ndoo inayoguswa.

Siku moja akanywa, uso haukukunjika. Akanitazama. "Mkwe, leo matamu." Kidonge nacho, maji yamebaki meupe. Kumbe mfuko wa dawa nilikuwa siufungi vizuri, unga umeingia unyevu, umekufa nguvu. Tukafunga bomba, watu wakanuna, tukaleta dawa nyingine. Hakuugua hata mtu mmoja.

Nawashukuru waliotusaidia. Yule muuguzi. Yule dada wa maabara aliyekuja kupima bomba baada ya bomba mpaka akaipata ile tyubu yangu, akainyanyua kwa vidole viwili. Mama mkwe, deni lake silipi duniani. Na mke wangu, yule pale nyuma mwenye kanga ya kijani, amenisindikiza. Ndoo haiwezi tena, kwa hiyo nabeba mimi, na wanaocheka wacheke. Hajawahi kunisimanga. Mara nyingine natamani anisimange nipumzike.

Mnaniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba wanaokupenda ndio watakaokuomba upunguze, na watakuomba kwa upole. Wewe uliyechaguliwa, wakija, mkumbuke mke wangu alivyoniomba maji matamu kitandani.

Ni hayo tu. Koo limekauka, sasa ninywe maji yenu.

Mh.

Haya maji ni ya bomba lenu jipya, siyo? Hayanuki hata kidogo. Mama wewe wa mbele, hiyo glasi yako iweke chini. Na wewe pale, weka. Msimamizi wa kisima yuko wapi? Ni wewe? Usiogope, ndugu yangu. Hapa hakuna atakayekutemea mate. Inuka, chukua funguo, twende wote wawili tenkini.